Kabla Hujashusha Hedi, Uliza Upepo Unatoka Wapi

Kuna mwenye lori mmoja wa Makambako ameniandikia wiki hii. Ana Scania 124, inapunguza maji kila safari, chini ya injini hakuna hata tone, na gereji imeshampa orodha ya spea: gasketi za hedi zote (hedi ni vile vifuniko vya chuma juu ya silinda), hedi mbili mpya, na hela ya kuskimu zilizobaki, yaani kuchonga uso wake unyooke. Anauliza kama bei ni halali. Bei ni halali, ndugu yangu, wala sina ugomvi nayo. Ninachotaka kujua ni nani aliyethibitisha kwamba hedi ndizo zinazokula maji.

Ujumbe wa namna hii siupati kwako peke yako, na kila nikiupata kuna kitu kinanipanda kooni.

Ufundi nilijifunzia gereji moja kubwa mjini, jina lake tuliache. Pale lori likitema maji kwenye tangi, neno lilikuwa moja tu: gasketi, shusha. Ukiuliza "tumepima?" unaambiwa nenda kapime baiskeli. Mimi nilikuwa muulizaji. Wakanibatiza Profesa, na siku moja mbele ya wateja bosi akasema maprofesa wanakaa Mlimani, hapa wanahitajika watu wa kushika spana. Wateja walicheka. Nilibeba boksi langu nikahamia Mafinga, kwenye malori ya mbao, na kuanzia hapo hakuna cha kusimulia zaidi ya grisi na baridi.

Mwaka jana likaletwa Scania la mzee mmoja wa mbao, limevutwa kutoka mlima Kitonga. Lilikuwa limechemsha katikati ya kona, na utingo alikuwa amefungua mfuniko wa maji ukiwa wa moto, mkono umebabuka hadi kwenye kiwiko. (Msifungue mfuniko wa moto. Nimelisema hili mpaka mke wangu amechoka kulisikia.)

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Mimi nimechoka. Hizi hedi zimeshashushwa mara mbili na maji bado yanaondoka."

Nikamuuliza zilishushwa wapi. Akaitaja gereji ileile. Sitawadanganya, nilifurahi.

Usiku ule sikugusa kitu. Niliacha lori lilale, kwa sababu injini iliyolala inasema ukweli zaidi kuliko injini ya moto. Alfajiri nililegeza nati ya kumwagia oili, polepole, uzi kwa uzi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, yanakaa chini na yanatangulia kutoka. Ilitoka oili tupu. Nikapita na tochi kwenye mipira ya maji, klipu, wota pampu na kiungo cha rejeta, nikitafuta alama ya ukoko wa rangi ambao kulanti, maji yenye dawa ya kupozea injini, huacha inapokauka. Pakavu. Kwenye bloku la Scania kuna vitundu vidogo usawa wa oringi za laina, ule mkono wa chuma ambamo pistoni inacheza. Maji yakipenya oringi ya juu yanajitangaza hapo kabla hayajafika kwenye oili. Navyo vikavu. Nikafunga pampu ya kupimia, nikasukuma presha kama bar 1, nikaenda kunywa chai. Niliporudi mshale ulikuwa palepale.

Sasa fikiri na wewe. Mfumo unashika presha, oili haina maji, nje hakuna tone. Maji yanaondokaje? Yanasukumwa. Na kinachoyasukuma ni upepo.

Nikawasha injini ikiwa bado ya baridi, mfuniko wa tangi la maji uko wazi. Viputo vikaanza kupanda, vikubwa, mfululizo. Mafundi wengi wakifika hapa wanafunga kesi: gesi ya silinda inapita kwenye gasketi, leta hedi. Lakini lori la breki za upepo lina silinda nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni ya kompresa, pampu inayojaza upepo wa breki. Kwenye Scania hizi kompresa inapozwa na maji yaleyale ya injini. Gasketi au hedi ya kompresa ikipasuka kati ya silinda yake na njia ya maji, upepo uliokusudiwa kwenda kwenye breki unaingia kwenye rejeta. Upepo huo una nguvu mara kadhaa kuliko mfuniko wa tangi unavyoweza kuzuia, kwa hiyo mfuniko unaachia na maji yanamwagika barabarani huku lori likitembea. Ukisimama, unakuta pakavu. Presha ikishatoroka, maji ambayo yangevumilia mpaka karibu nyuzi 120 yanatokota mapema, na huko Mafinga na Makambako, tulivyo juu, hata 100 hayafiki.

Nikamwita mzee asogee kwenye tangi. Nikamwambia dereva apige resi upepo ujae. Viputo vinapanda, vinapanda, mara draya, kile kikausha upepo, ikatema, *pshaaa*, kompresa ikapumzika. Viputo vikakata. Maji yakatulia hadi ukaona chini ya tangi.

"Kanyaga breki," nikamwambia dereva. Akakanyaga na kuachia mpaka geji ikashuka na kompresa ikaingia kazini tena. Viputo vikarudi.

Mzee akanitazama, akatazama tangi. "Mwambie akanyage tena." Tulirudia mpaka aliporidhika. Kisha nikazima, nikafungua bomba mbili za maji za kompresa, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha mpira, nikawasha kwa dakika chache tu. Hakuna kiputo. Nikavuta waya wa kutolea maji kwenye tangi la upepo, yakaruka maji ya kijani. Kulanti ilikuwa imefika mpaka kwenye breki! Na hedi za watu zimeshushwa mara mbili.

Kompresa nilipoifungua, gasketi ilikuwa imeungua upande mmoja, njia nyeusi nyembamba kutoka kwenye silinda mpaka kwenye tundu la maji. Nyuso zikasafishwa, gasketi na vali mpya, boliti zikakazwa kwa msalaba, matangi ya upepo yakakaushwa. Gharama yote haikufikia bei ya hedi moja. Mzee alitaka tupande gari wote wawili tukawaonyeshe wale jamaa ile gasketi. Nilikataa. Ninayo mpaka leo kwenye droo.

Kwa hiyo wewe wa Makambako, fanya jaribio hilo kabla ya kulipa. Viputo vikifuata kompresa, umeokoka. Visipoifuata, mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu ndani ya dakika chache injini ingali ya baridi, na ile dawa ya kupimia gesi kwenye tangi ikabadilika rangi, basi fundi wako yuko sahihi. Hata hivyo Scania hiyo ina hedi sita, kila silinda na yake. Akuonyeshe ni ipi. Na ukikuta oili inaelea kwenye maji, tazama oili kula (kipozeo cha oili) kwanza, kwa sababu injini ikiwaka presha ya oili huzidi ya maji na ndiyo inayovuka.

Vijana wa gereji, pimeni. Najua kupima hakuna sifa, hakuna anayepiga picha mtu aliyekaa anatazama tangi. Nanyi wenye malori mna lenu. Fundi akikuuzia hedi unalipa ukicheka, akikutoza hela ya kupima unasema "si umeangalia tu?" Ndiyo maana mnauziwa hedi.

Halafu hili la kujaza maji ya mtoni kwenye rejeta. Mnasema kulanti ni ya nchi za barafu. Laina ya dizeli inatetemeka kila silinda inaporipuka, na upande wake wa maji vinazaliwa viputo vidogo mno vinavyopasukia kwenye chuma na kukitoboa kidogo kidogo, mpaka maji yanaingia kwenye oili. Dawa zilizomo kwenye kulanti huweka utando wa kuzuia hilo pamoja na kutu. Maji matupu hayaweki kitu. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, na yai bichi mnalotia kuziba uvujaji libaki jikoni, rejeta haina haja nalo.

Ukijaza, jaza polepole, hita ya kabini ukiwa umeifungulia mwisho ili upepo usijifiche kule. Iache injini ipate moto, izime, ipoe kabisa, kisha tazama kimo tena. Kitakuwa kimeshuka kidogo, na hiyo ni kawaida mara ya kwanza. Ongeza, weka alama kwa kalamu ya rangi kwenye tangi, na safari ya kwanza usipakie mbao.