Wesnoth ya watu wawili: anza kurudi nyuma jua likiwa bado juu

Ukicheza The Battle for Wesnoth na mtu badala ya kompyuta, utagundua kwamba mechi nyingi huamuliwa kwenye zamu ambazo hata askari mmoja hajafa. Hapa Mwanga, Kigoma, tumecheza sana mchezo huu, na nimezitazama upya rekodi za mechi zetu na za wenzangu. Karibu kila anayeshindwa ni yule aliyekaa mbele zamu moja zaidi. Kwa hiyo leo naandika juu ya kurudi nyuma tu: lini urudi, urudi vipi, na ni gharama gani ukubali kuilipa.

Kwa asiyeufahamu, Wesnoth ni mchezo wa vita wa zamu kwa zamu, wenye wanadamu, elves (viumbe wa msituni wanaofanana na watu), maorki, mazimwi ya mfano wa joka na wafu wanaotembea. David White aliuanzisha mwaka 2003. Ni wa bure kabisa, na leseni yake ya GPL inakuruhusu kuunakili na kumpa mwenzako, ndiyo maana kwetu umesambaa kwa flashi bila mtu kuunguza bando. Hauhitaji kompyuta ya nguvu. Mkiwa wawili mnaweza kutumia laptop moja kwa kupokezana, au laptop mbili zilizounganishwa kwa hotspoti ya simu isiyo na bando lolote: mmoja anafungua mchezo kama mwenyeji, mwenzake anaandika anwani ya IP ya mashine hiyo. Umeme ukikatika, mchezo wenyewe hujihifadhi kila zamu, mtaendelea ukirudi.

Sasa saa. Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, jioni, kisha zamu mbili za usiku. Askari wa mchana hupiga kwa nguvu zaidi kwa asilimia 25 asubuhi na alasiri, na usiku hupungukiwa asilimia hiyo hiyo. Askari wa usiku ni kinyume chake. Alfajiri na jioni hakuna anayeongezewa wala kupunguziwa. Kila mchezaji anayajua haya kuanzia siku ya kwanza, lakini wachache huyapigia hesabu, na hesabu yake inatisha.

Chukua Spearman wa Loyalists (jeshi la wanadamu), mtu wa mkuki, mwenye uhai 36. Amesimama uwandani, ambako adui humpata kwa asilimia 60. Wanakuja Grunt watatu wa Northerners (jeshi la maorki), maorki wa upanga, kila mmoja na mapigo mawili ya nguvu 9. Usiku pigo linakuwa 11, kwa hiyo mapigo manne kati ya sita yanatosha kumuua, na uwezekano wake ni kama asilimia 54. Spearman yule yule, uwanda ule ule, Grunt wale wale, lakini mchana: pigo linashuka hadi 7, na yanahitajika yote sita. Uwezekano haufiki asilimia 5. Mwache usiku ule ule lakini msogeze ndani ya ngome, ambako hupatikana kwa asilimia 40 tu, na hatari inashuka kutoka 54 hadi kama 18. Hapo sijahesabu sifa za kuzaliwa kama ile ya nguvu za ziada, wala majibu ya mkuki wake mwenyewe. Nilipozipanga namba hizi kwenye daftari kwa mara ya kwanza, niliacha kuuliza kama kurudi nyuma ni woga.

Kuna kaka mmoja wa Kibirizi anayevua dagaa, ninayecheza naye mwezi ukiwa mkubwa. Wenyeji wa ziwa mnajua sababu: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na vipe, mitumbwi yao ya kuvulia, vinabaki ufukweni. Siku hizo ana nafasi. Mechi yetu moja nimeirudia kuitazama kuliko zote.

Ramani ilikuwa The Freelands, dhahabu 100 kwa kila mmoja. Mimi Loyalists, yeye Northerners. Nilinunua Spearman wanne, Cavalryman (mpanda farasi wa upanga) mmoja na Mage (mchawi) mmoja. Yeye alikuja na Grunt watano, Wolf Rider (mpanda mbwa mwitu) na Troll Whelp (jitu changa). Kwa mpambano wa namna hii saa ni kila kitu, kwa sababu askari wote wa kuanzia wa Loyalists ni watu wa mchana, na wa Northerners karibu wote ni watu wa usiku.

Mchana wa kwanza ulikuwa wangu. Ilipofika alasiri, Troll Whelp wake alikuwa amebaki na chini ya nusu ya uhai, amesimama nyuma ya Grunt mmoja, na Cavalryman wangu angeweza kuzunguka na kumfikia. Ni askari anayejiponya mwenyewe kila zamu, kwa hiyo ukimwacha unajua kesho atakuwa mzima. Nilimwacha. Zamu hiyo hiyo ya alasiri nilianza kuwarudisha watu wangu kuelekea ngome, nikaacha vijiji viwili vya upande wa kushoto bila mlinzi.

"Mdogo wangu, mgonjwa unamwacha aende?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba nimemwona, lakini jua linazama.

Usiku alinifuata, kama kila mchezaji wa Northerners anavyotamani. Wolf Rider akaenda kuokota vile vijiji viwili. Grunt wakanivamia kwenye ngome. Spearman niliyemweka kijijini pembeni aliuawa kwenye zamu ya pili ya usiku. Lakini walio ndani ya ngome walisimama, na mkuki una faida yake: hupiga wa kwanza hata anaposhambuliwa. Grunt mmoja aliyekuwa amejeruhiwa alikufa kwa pigo la kwanza la kujibu, kabla hajanyanyua upanga.

Alfajiri kaka alikuwa na Grunt watatu wamegusana na kuta zangu, wote wana majeraha, na nyuma yao hakuna kijiji cha karibu cha kuwaponya. Aliona mmoja wa Spearman wangu amebaki na uhai mdogo, akashambulia tena. Mapigo yote mawili yalikosa, lakini hata yangempata, tatizo lake lingebaki pale pale, kwa kuwa asubuhi ilikuwa inaingia. Nilikuwa na dhahabu ya kununua Horseman, mpanda farasi mwenye mkuki. Huyu akishambulia huzidisha pigo lake mara mbili, na anachopigwa pia kinazidishwa mara mbili, kwa hiyo ni askari wa kumtuma kwa adui mgonjwa, mchana. Cavalryman naye hupunguza makali ya upanga kwa asilimia 30. Kabla jioni haijafika, kaka alibaki na kiongozi wake, Troll Whelp, na Wolf Rider aliyekuwa mbali kwenye vijiji.

Alikaa kimya akitazama skrini, kisha akasema, "Mwezi ukitoka tunapandisha kipe. Hatubishani na mwanga." Tangu siku hiyo ni mpinzani mgumu kuliko wote ninaowajua, kwa sababu kanuni ya kutobishana na mwanga alikuwa nayo mikononi kwa kazi yake.

Swali ninaloulizwa sana baada ya kuisimulia mechi hiyo ni kuhusu vijiji. Kuviacha si hasara? Ni hasara, na tuipime. Kwa mpangilio wa kawaida kila kijiji hutoa dhahabu 2 kwa zamu, na tena hulisha askari mmoja wa ngazi ya 1 bila malipo. Vijiji viwili kwa zamu tatu ni dhahabu 12, na ukiongeza gharama ya chakula inaweza kufika 18. Adui naye akizipata hizo hizo, pengo linakaribia 36 kwa hesabu mbaya kabisa. Ni pesa nyingi. Lakini Spearman watatu waliouawa uwandani ni dhahabu 42, na kila mmoja akifa humpa aliyemuua pointi 8 za uzoefu, hadi siku moja unakutana na orki aliyepanda ngazi. Tena aliyekwenda kuokota vijiji hayupo vitani. Wolf Rider wa kaka asubuhi ile alikuwa mbali, na dhahabu 17 zake zilikuwa zimekaa naye huko.

Kurudi kwenyewe kuna ufundi. Anayeanza kurudi jioni amechelewa, hasa akiwa na Heavy Infantryman, ambaye ana hatua 4 tu uwandani na kwenye vilima au msitu huenda polepole zaidi. Hao wazito waanze kuondoka alasiri, zamu moja kabla ya wenzao, hata kama bado wangeweza kumpiga mtu. Waliojeruhiwa waende vijijini wapate uhai 8 kwa zamu. Wa mwisho kuondoka wawe wazima na wenye mbio.

Halafu tumia udhibiti wa askari. Kila askari wa ngazi ya 1 na kuendelea huudhibiti mzunguko wa visanduku sita vinavyomgusa, na adui akiingia kimojawapo hatua zake zote zilizobaki zinaisha. Maana yake huhitaji ukuta wa watu. Askari wawili walioachiana visanduku viwili vitupu bado wanafunga njia kwa zamu nzima, na hiyo zamu moja ndiyo wagonjwa wako wanahitaji. Tahadhari ni kwa Fencer (mpiga upanga mwepesi) na Saurian Skirmisher (mtu-mjusi), ambao hupenya bila kujali udhibiti. Ukiwaona upande wa pili, funga safu kabisa.

Kuhusu bahati. Vijiwe vyetu vimelelewa na drafti na bao, michezo ambayo kosa ni lako na ushindi ni wako. Wengi wakija Wesnoth hukasirika wakiona Mage, ambaye uchawi wake humpata adui kwa asilimia 70 popote aliposimama, akikosa mara tatu mfululizo. Hutokea kwa asilimia 2.7, kama mara moja katika kila mara 37, na mechi moja ndefu ina mashambulizi mengi zaidi ya hayo. Kwa hiyo litakupata. Kabla ya kuthibitisha shambulio, fungua dirisha la hesabu za madhara usome uwezekano wote, halafu jiulize swali moja: akikosa yote, atalala wapi usiku huu? Kama jibu ni uwandani mbele ya Grunt watatu, hesabu ya 54 unaijua. Shambulio la asubuhi linaweza kubahatishwa kwa sababu una alasiri ya kurekebisha. La jioni halina muda huo.

Si kila jeshi linarudi kwa namna moja. Niliitazama mechi ya kijana mmoja mwanachuo aliyechukua Drakes dhidi ya kaka wa Kibirizi mwenye Undead, jeshi la wafu. Drakes, mazimwi, ni watu wa mchana, wengi wao wenye mbawa, na mchana ule waliwachoma Skeleton vibaya, kwani mifupa haiwezi moto. Usiku ulipoingia kijana aliwaweka mazimwi wake juu ya vilima na vijiji, akiamini eneo litawalinda. Hapo ndipo jeshi hili linapotofautiana na Loyalists. Zimwi ni kubwa, na eneo linamsaidia kidogo sana, hata kwenye ngome adui humpata kwa asilimia 60. Dark Adept, wachawi wa Undead, wakaja na uchawi wao wa baridi, na baridi ndiyo inayomuumiza zimwi kuliko silaha zote, kwa asilimia 50 zaidi. Kufikia alfajiri jeshi la kijana lilikuwa limepungua hadi nusu.

Kwa Drakes kinga yao ni umbali. Rudi mbali kabisa, nje ya hatua za adui, tumia mbawa ulizozilipia, kisha alfajiri ruka urudi. Dark Adept hana silaha ya mkononi hata moja, ukimfikia asubuhi kwa makucha au upanga hawezi kukujibu. Na kama lazima ufanye kitu usiku, watume Saurian, ambao wamo kwenye jeshi hilo hilo lakini ni watu wa usiku.

Elves wa jeshi la Rebels na vibete wa jeshi la Knalgans hawajali saa. Ukikutana nao ukiwa Loyalists, usiku bado unakudhoofisha wewe peke yako, na mchana hauwapunguzii wao kitu. Rudi vile vile jioni, ila usitegemee asubuhi iwe rahisi kama dhidi ya maorki. Loyalists dhidi ya Drakes ni habari nyingine, wote ni wa mchana ukiondoa Saurian, na pale mkuki ndio unaoamua, kwa kuwa zimwi huumia zaidi kwa kuchomwa.

Siku hizi mimi na kaka tukikutana wote tunarudi, na usiku mzima unaweza kupita bila mtu kufa. Vita vyetu vimehamia kwenye vijiji vya katikati: nani atakishika kipi alfajiri, na nani atalazimika kumweka askari mmoja mbele kukilinda jioni. Mara nyingi huyo mmoja ndiye anayeamua mechi, kwa hiyo tunamchagua kwa makini, mwenye uhai kamili, kijiji chini ya miguu yake, na njia ya kutokea nyuma.

Kama una rekodi ya mechi uliyoshindwa, usianze kuitazama mwanzo. Ipeleke hadi alasiri ya siku ya kwanza, isimamishe, uhesabu ni askari wako wangapi wangeweza kufika ngome au kijijini kabla ya zamu ya kwanza ya usiku. Kisha iache iendelee, uwafuatilie mmoja mmoja wale waliobaki nje.