Unaumwa? Ahirisha tu kuchorwa
Pole sana ndugu, unaumwa na unauliza kama uahirishe kwa wiki mbili kukaa uchorwe picha yako ya rangi za mafuta. Mchoraji hatokasirika ukiahirisha, ila mpigie leo leo, usingoje asubuhi ya siku yenyewe ashapanga rangi zake. Picha ya rangi za mafuta haiharibiki kwa kusubiri, rangi yenyewe inachukua siku kadhaa kukauka juu tu, na wakati huo anaweza kuendelea na nguo au mandhari ya nyuma, mchoraji David Hockney alikaa achorwe na mchoraji mwenzake Lucian Freud kwa zaidi ya saa 100 mwaka 2002 kwa hiyo wiki zako mbili si kitu kabisa. Halafu ukiumwa uso unabadilika kweli, macho yanaingia ndani, mashavu yanabonyea, bora akuchore ushapona. Ukirudi vaa nguo ileile na omba saa ileile, mwanga usihame.