Rivabu ya springi ya kujitengenezea: maswali yenu

Tangu niseme rivabu ya springi ya gitaa, yaani kile kifaa kinachoipa sauti mwangwi kwa kuipitisha kwenye springi, unaweza kuiunda mwenyewe nyumbani meseji haziishi, nyingi zinafanana kwa hiyo nimechagua hizi, ambao sijawajibu msininunie.

Swali: Mkuu springi za kalamu zinafaa? Huku nilipo tangi la kununua, lile boksi la bati lenye springi, ni ndoto.

Hazifai. Ni fupi na ngumu, sauti inaenda na kurudi haraka mno, mwangwi huusikii, unasikia kama unapiga gitaa ndani ya debe. Unataka springi ndefu ya waya mwembamba, iliyovutwa kidogo tu mpaka mizunguko ianze kuachana. Kwenye tangi la kiwandani la sentimita 42 hivi sauti inachukua kama milisekunde 33 mpaka 41 kufika upande wa pili, na ziko springi mbili au tatu ambazo kila moja ina muda wake, makusudi kabisa, maana zikilingana mwangwi unarudi kwa mkupuo mmoja na unachosha masikio. Mi ningeanza na ule waya wa pazia wenye springi ndani, vua plastiki, kata vipande viwili visivyolingana. Upande wa kusukuma chukua spika ndogo ya redio, gundisha ncha ya springi katikati ya koni. Upande wa kupokea weka piezo, kile kisahani cha shaba kilichomo ndani ya buza. Vyote vikae juu ya ubao mmoja mzito. Na piezo usiichomeke moja kwa moja kwenye mikisa, besi yote itapotea, ipitishe kwanza kwenye opampu (aisii, yaani chipu, ya kukuza sauti) kama TL072 yenye risista ya megaohm 1 mlangoni. Haitasikika kama ya dukani, itakuwa na ukichaa wake, na kwangu hilo ni jambo zuri.

Swali: Nimepata tangi used limeandikwa 4AB3C1B. Nimepima pa kuingilia kwa mita inasoma karibu ohm 1, nimepigwa?

Hujapigwa kaka, tulia. A hapo inamaanisha pa kuingilia ni ohm 8, lakini hizo ohm 8 zinahesabiwa sauti ikiwa inapita, kwenye 1 kHz, na mita yako inapima kwa umeme wa DC, unaona waya wa koili tu. Tangi zima la aina hiyo linasoma kama 0.8 kuingia na kama 200 kutoka. Ungekuta mita haisomi kitu kabisa ndo ungelia, na hata hapo funua kwanza uangalie vile viwaya vyembamba vinavyotoka kwenye jeki kwenda kwenye koili, mara nyingi ndo vinakatika, unapiga solda maisha yanaendelea. Herufi zingine usizidharau pia: B ya kwanza ni pa kutokea, ohm 2250, 3 ni mwangwi mrefu, C inasema jeki ya kuingilia haigusi bati ila ya kutokea inagusa, 1 haina kufuli, na B ya mwisho ni kwamba limeundwa kulala mdomo ukiangalia chini.

Swali: Aisii ya LM386, ya kukuza sauti, inatosha kulisukuma tangi? Yangu inakwaruza nikigonga nyuzi nene.

Kwa tangi la ohm 8 inatosha, hilo linataka miliampia 28 hivi tu. Shida yako ni besi. Ile koili kadiri sauti inavyoshuka ndo inavyozidi kunywa umeme, kwa hiyo E ya chini inamchosha aisii bure, na springi zenyewe besi zinaigeuza tope. Weka kapasita ndogo kabla ya LM386 ukate kila kitu chini ya 200 Hz hivi, sauti kavu ya gitaa ipite njia yake pembeni zikutane mwishoni kwenye kichanganyio, besi yako hutaikosa. Halafu kama umeweka ile kapasita ya 10 µF kati ya mguu wa 1 na wa 8 itoe, inapandisha nguvu mara 200 na wewe 20 inakutosha. Na achana na betri ya 9V, tafuta adapta.

Swali: Inavuma mmmm hata nisipopiga.

Geuza tangi. Upande wa kutokea uwe mbali na transfoma kadiri inavyowezekana, kile kikoili kinadaka sumaku ya transfoma. Waya wa kutokea uwe wa shildi, ule uliozungushiwa wavu wa waya, basi.

Swali: Kwa nini usitufundishe ile rivabu ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) ya kampuni ya Fender?

Ile ya 1961 yenye nobu za dwell, mixer na tone? Ni tamu sana, sibishi, na springi zenyewe asili yake ni kinanda cha Hammond. Ila ndani ina zaidi ya volti 300 na kapasita zinabaki zimeshiba hata ukishachomoa kwenye soketi, zinakurusha. Jenga ya aisii kwanza. Na ukinunua iliyotoka Marekani kumbuka ni ya 120V, ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushusha umeiua.

Swali: Mtoto kagonga boksi likapiga kama radi, ni ubovu?

Springi ndo zilivyo, zinasikia kila mtikisiko. King Tubby, fundi sauti wa kule Jamaika, alikuwa anaigonga rivabu yake kwa makusudi kupata mlio huo kwenye dabu, ule muziki uliotokana na rege. Wewe kama huutaki weka sponji chini ya tangi, na usilifunge kwa skrubu ndani ya kabati la spika maana litaanza kupiga mluzi. Kama unautaka gonga, ila punguza volumu kwanza, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, hazipendi.