Mwanangu, anza na safari unayoweza kuikatisha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema hujatoka nje ya nchi kwa miaka saba, kwanza kwa sababu ya dunia kufungwa, kisha kazi, kisha watoto, na sasa umepewa likizo ya mwezi mzima unayotaka kuitumia kwa safari moja kubwa ya kufidia yote hayo. Ukanipa tatu nikuchagulie: kambi ya chini ya Everest, Patagonia, na Antaktika. Mwisho ukauliza, "Mama, mwili huu uliozoea kiti cha ofisi utakubali kweli?"

Jibu langu ni Patagonia. Everest iwe ya baadaye, na Antaktika unaweza kwenda hata ukifikia umri wangu. Nitakueleza kwa nini.

Ninachokiogopa ni hiyo hamu ya kufidia. Humfanya mtu achague safari kwa ukubwa wa jina lake. Mimi nakuambia chagua kwa urahisi wa kuikatisha. Aliyekaa miaka bila kusafiri anaujua mwili wake wa zamani. Huu wa sasa hajakutana nao bado, na atakutana nao siku ya pili ya safari akiwa na begi mgongoni. Siku hiyo ikifika utahitaji kujua kitu kimoja: nikigeuka sasa hivi, nitalala wapi leo, na nitatoka huku kwa njia gani? Kuna safari ambazo jibu lake ni jepesi, na kuna ambazo jibu halipo mpaka siku ya mwisho.

Njia ninayokuelekeza huko Patagonia iko katika hifadhi ya Torres del Paine, kusini kabisa mwa Chile. Wanaiita W kwa sababu ukiichora kwenye ramani inatokea herufi hiyo. Ni kilomita zipatazo 80, siku nne hadi tano, na sehemu tatu unazoingia na kutoka. Ya kwanza inakupeleka kwenye mto wa barafu wa Grey, ya kati ni bonde liitwalo Valle Francés, na ya mwisho inapanda hadi ziwa lililo chini ya ile minara ya mawe unayoiona kwenye kila picha. Sasa tazama jinsi ilivyokaa. Goti likilalamika siku ya pili, unaliacha bonde la kati, unapumzika kambi ya Paine Grande, unapanda boti ya kuvuka ziwa Pehoé hadi gati ya Pudeto, na hapo unachukua basi. Umekosa bonde moja tu, safari bado unayo. Tena hakuna habari ya hewa kuwa nyembamba, maana hata pale chini ya minara hufiki mita 1,000.

Adui wa kule ni upepo. Kiangazi chao, Desemba hadi Februari, ndicho chenye wageni wengi na ndicho chenye upepo mkali. Ukivuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, wenyeji hawashangai. Kifuniko cha begi hupeperuka na usikione tena, kwa hiyo nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani kabisa. Ila kiangazi hicho kinamfaa mtu wa mwendo wa polepole. Desemba jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo hata ukitembea kama mimi ninavyotembea siku hizi, utaingia kambini kukiwa bado kweupe.

Huwezi kwenda na kulala popote usiku unapokukuta. Vitanda na nafasi za hema huwekwa oda miezi kadhaa kabla, na kambi hazijai kwa mpangilio unaoutaka wewe, kwa hiyo oda hizo ndizo zitakazokupangia safari. Na kwa moto hawana mzaha: ule uliozuka mwishoni mwa mwaka 2011 uliteketeza zaidi ya hekta 17,000 za hifadhi hiyo. Unapika kwa jiko dogo la gesi mahali palipotengwa, basi. Halafu uwanja wa ndege wa Chile watakuuliza kama umebeba matunda, mbegu au mazao yoyote. Tangaza kila kitu, hata tunda moja lililosahaulika mfukoni, maana kukaa kimya kuna faini.

Sasa Everest. Najua ndiyo iliyo moyoni mwako na najua utanibishia.

Unaruka kwa ndege ndogo hadi Lukla, kijiji cha milimani huko Nepal, mita 2,860, kisha unatembea kwa zaidi ya wiki moja kupanda hadi mita 5,364. Huko juu, kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata usawa wa bahari. Kanuni wanayoifuata waongozaji ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku huu usilale juu zaidi ya mita 500 kutoka ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Ndiyo maana watu husimama kwenye mji mdogo wa Namche Bazaar, mita 3,440, hata wanapojisikia wazima. Nguvu za mwili hazikukingi na ugonjwa wa mwinuko. Vijana wanariadha huugua vizuri tu, pengine kuliko wengine, kwa sababu wanapanda haraka. Ipo dawa, acetazolamide, inayosaidia mwili kuzoea, na daktari anaweza kukuandikia. Lakini tiba yenyewe, hali ikiwa mbaya, ni kushuka.

Na hapa ndipo ninapokukatalia kuanza nako. Ugonjwa wa mwinuko huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Mtu aliyetoka kitini baada ya miaka saba, akatembea saa sita na begi, naye anaumwa kichwa, anachoka na halali. Utajuaje ni lipi kati ya hayo? Aliyeuzoea mwili wake anasema, "Huu si uchovu wangu, leo silali juu zaidi." Asiyeuzoea anajipa moyo na kupanda. Kisha fikiria njia ya kutoka: ni miguu yako mwenyewe kwa siku kadhaa, au helikopta ikiwa hali ya hewa itaruhusu na bima italipa. Hata ukifika Lukla salama, mawingu yakishuka ndege hazitui, na watu hukaa pale siku nzima au zaidi wakitazama angani. Kwa hiyo yeyote anayekwenda, Oktoba na Novemba au Machi hadi Mei ndiyo majira yake, na mwishoni mwa likizo aache siku za ziada zisizo na mpango wowote.

(Jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukiwa kambini penyewe kilele cha Everest hukioni. Milima ya mbele inakiziba. Wanaotaka kukiona hupanda mlima wa jirani, Kala Patthar, alfajiri.)

Antaktika inatisha kwa jina, lakini ndiyo nyepesi kuliko zote tatu kwa miguu. Unapanda meli Ushuaia, Argentina, kati ya Novemba na Machi, mnavuka mlango wa bahari wa Drake kwa muda wa siku mbili mkitapika au msitapike, kisha mnashushwa kwa boti za mpira kutazama pengwini kwa saa chache na kurudi kula. Taratibu zao ni kali, nami nazipenda. Hawaruhusu zaidi ya watu 100 nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja, na viatu husafishwa kabla na baada ili usipeleke mbegu wala vijidudu. Kama utakwenda, uliza kwanza ukubwa wa meli, kwa maana hapo ndipo penye tofauti kati ya kukanyaga barafu na kuitazama kwa darubini.

Lakini mkishaondoka bandarini, kurudi ni siku meli itakaporudi. Jino likianza kukusumbua siku ya tatu, utakaa nalo. Safari hiyo inataka mtu anayejua afya yake ilivyo, na haidai magoti. Magoti unayo sasa, yatumie kwanza kwa milima. Kwenye barafu utakwenda uzeeni, tena labda tutakwenda wote.

Hukuniambia likizo ni mwezi gani, na hilo linaweza kubadili yote niliyosema, maana Juni hadi Agosti kusini mwa Chile ni baridi kali na huduma nyingi za njiani hufungwa. Ikiwa ni Julai, nenda Iceland ukatembee Laugavegur, kilomita 55 kutoka Landmannalaugar hadi Þórsmörk, siku nne, unapita milima ya rangi ya kutu na unavuka mito kwa miguu bila daraja. Usiku wa Julai hauingii giza kamili, na nyumba za kulala zipo njiani, nazo hujaa mapema. Ikiwa ni Aprili au Oktoba, Japani: njia za mahujaji za Kumano Kodo, zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2004. Tawi la Nakahechi unalitembea siku nne au tano ndani ya msitu, begi kubwa unalipa lipelekwe kwenye nyumba ya wageni inayofuata, na ukichoka kuna vijiji vyenye basi. Utasema hiyo si ya kusisimua. Panda ule mteremko wa kuelekea hekalu la Nachi mvua ikinyesha kisha unieleze.

Kuhusu mwili, utakubali ukiupa miezi mitatu. Watu hujiandaa kwa kupanda, wakasahau kwamba kinachovunja mapaja ni kushuka, pale msuli unapojikaza huku ukivutwa. Tafuta ngazi ndefu na uzishuke, begi likiwa na uzito utakaobeba kweli. Na usitembee Jumamosi ukapumzika Jumapili. Tembea siku zote mbili mfululizo, kwa sababu siku ya pili ndiyo itakayokuambia ukweli.

Na vile viatu vyako vya mlimani vilivyo kabatini, nakuomba usiviamini. Najua ni vizuri na hukuvivaa sana, na hapo ndipo tatizo lilipo. Soli ya kati ya viatu vingi vya aina hiyo ni povu la poliyurethani, na unyevu wa hewa huila polepole hata kiatu kikiwa kwenye boksi. Juu kinang'aa. Siku ya kwanza njiani, soli inachanika na kubaki nyuma yako kwenye matope. Nimeona watu wazima wakifunga viatu kwa kamba za hema. Vivae wiki nzima hapo ulipo, kwa mwendo mrefu, vikipona, vichukue. Kagua pia taa ya kichwani, kwa maana betri iliyoachwa ndani huvuja, na mipira midogo ya jiko la gesi, ambayo hukauka na kupasuka.

Karatasi ndizo zinazowaangusha wanaorudi barabarani, kwa sababu wanakumbuka taratibu za zamani. Nchi nyingi hutaka pasipoti ibaki na miezi sita, na mara nyingine hutaka kurasa tupu. Angalia si viza ya unakokwenda peke yake, bali na ya unakobadilishia ndege: Marekani, kwa mfano, hata ukipita saa mbili tu unahesabiwa umeingia nchini, kwa hiyo bila viza au kibali chao tiketi hiyo ya bei nafuu haikufai. Ulaya nako, tangu tarehe 12 Oktoba 2025, walianza kuchukua alama za vidole na picha mipakani badala ya kupiga muhuri, hivyo usipange kubadili ndege kwa dakika chache kama itakubidi kupita uhamiaji. Kadi yako ya njano usiitupe: tangu Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano hutambuliwa maisha yote. Pepopunda muulize daktari. Na benki yako waulize namba ya siri ya uthibitisho itakufikiaje laini ikiwa imezimwa.

Bima isome sehemu ya wanayoyakataa, usisome ya wanayoahidi. Nyingi huweka kikomo cha mwinuko, na nyingine hazilipi kukutoa mlimani. Kama hilo la kukutoa halikuandikwa wazi, lihesabu halipo.

Watoto niachie. Nilikwisha kusema hivyo mlipokuja mara ya mwisho, sijui kwa nini unaniuliza tena kwa kuzungukazunguka. Niandikie mwezi wa likizo kabla hujalipia tiketi wala kambi. Ukisema Januari au Februari, kesho yake keti uanze na oda za kambi za Torres del Paine, na ndege itafuata tarehe utakazopata.

Mama yako