Re: Kalkulasi ya mwaka wa kwanza inanitoa jasho, nifanyeje?

Mdogo wangu wa Mtwara, umesema Advance (kidato cha tano na sita) ulifaulu hesabu ila testi ya kwanza ya kalkulasi imekuangusha na lekchara anakimbia. Ndo chuo hicho, hakuna wa kukusubiri. Ila mara nyingi kinachokwamisha ni aljebra na kusahau hatua ndogondogo. Jipime: difarenshieti (3x+1)², ukiandika 2(3x+1) ukaishia hapo umesahau kuzidisha na 3 inayotoka kwenye 3x ya ndani ya mabano, jibu ni 6(3x+1), yaani 18x+6. Kuhakiki, fungua mabano kwanza upate 9x²+6x+1, kisha difarenshieti, utapata 18x+6 ileile. Maswali fanya siku hiyohiyo ya kipindi, daftari la mwenzako likiwa limefungwa, maana kunakili solusheni kunadanganya sana aisee. Diskasheni watu watatu wanatosha, wakizidi ni stori za bei ya korosho tu. Ukiona bado giza muone lekchara ofisini mapema, usingoje sapu (mtihani wa marudio).