Maswali Yenu: Stendi ya Simu, Kutoka Kwenye Kioo Hadi Kwenye Plaiwudi

Bidhaa iliyojirudia zaidi kwenye barua za safari hii ni stendi ya simu. Ni kazi nzuri ya darasani kwa sababu ni ndogo, mbao zake ni chache, na ikikosewa inaonekana papo hapo: simu inaanguka.

*Shikamoo. Nimechora stendi ya simu kwa ibisPaint, programu ya kuchorea, kwenye simu yangu. Kwenye kioo inapendeza, lakini steshenari walipoichapa kwenye A4 mistari imetoka kama ngazi na namba za vipimo hazisomeki. Je, printa ni mbovu?*
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Morogoro

Marahaba. Printa haina kosa. Kanvasi yako, yaani ukurasa wa kuchorea ndani ya programu, ilifunguliwa kwa ukubwa wa kioo cha simu. Tuchukue kioo cha pikseli (nukta zinazounda picha) 720 kwa 1280. Upana wa A4 ni mm 210, yaani inchi 8.27, kwa hiyo kila inchi ya karatasi inapata nukta 87 tu. Mchoro wa vipimo unahitaji nukta 300 kwa inchi, na kwa A4 hiyo ni kanvasi ya pikseli 2480 kwa 3508. Uichague kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Ukiikuza kanvasi ya zamani, programu inatanua nukta zilezile na ukungu unabaki palepale.

Angalia pia nguvu ya simu yako. Leya moja (tabaka moja la mchoro) ya ukubwa huo hula takriban MB 35 za RAM, na leya 20 ni kama MB 700. Simu yenye RAM ya GB 2 itakwama, au programu itajifunga katikati ya kazi. Simu ya namna hiyo itumie nukta 200, yaani pikseli 1654 kwa 2339. Hapo leya inashuka hadi MB 15 hivi, na karatasi bado inasomeka.

Kwenye kanvasi ya nukta 300, mstari wa umbo la nje uwe pikseli 8 (mm 0.7), mistari ya ndani pikseli 4, mistari ya vipimo pikseli 3. Namba zisipungue pikseli 35 kwa urefu, ambazo kwenye karatasi ni mm 3. Mistari yote ikiwa na unene mmoja, msomaji hatofautishi ukingo wa mbao na mshale wa kipimo.

*Mhariri mpendwa, ninafundisha Pre-Technical Studies, Gredi ya 8. Tarakilishi zetu zina RAM ya GB 4, hazina intaneti wala kalamu za kuchorea, ni mausi tu. Wanafunzi huchora stendi moja, wakaipaka rangi kwa ustadi, kisha husema wamemaliza. Nifanyeje ili walikuze wazo lenyewe?*
Mwalimu, Kilifi

Mwalimu, rangi isiruhusiwe kabisa hadi umbo lithibitishwe. Mchoro uliopakwa rangi mapema unampendeza mwenyewe hata asitake kuugusa tena, na hapo ubunifu unakwama.

Kwa mausi tumia programu ya kuchorea iitwayo Inkscape. Ni ya bure, na ikishapakuliwa mara moja unaweza kuisambaza kwa flashi na kuisakinisha bila intaneti. Krita nayo ni ya bure na ina brashi nzuri, lakini inafaa zaidi kwa mkono wenye kalamu, na matoleo yake mapya hayafanyi kazi kwenye Windows ya biti 32. Ukishafungua Inkscape, bonyeza Ctrl+Shift+D, weka vipimo viwe milimita, kisha ongeza gridi ya aksonometriki, ambayo ina mistari ya nyuzi 30 ya kuchorea mwonekano wa aisometriki, unaoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja.

Kabla ya kuchora stendi yoyote, wanafunzi wapime simu ikiwa ndani ya kava lake: urefu, upana, unene, na mahali pa mlango wa chaja. Kisha watengeneze leya ya msingi yenye vitu viwili tu: mstari wa meza, na simu ikionekana kwa ubavu, kwa mfano mstatili wa mm 160 kwa 11 ulioegemea nyuma kwa nyuzi 60 kutoka mezani. Leya hiyo ifungwe kwa kufuli. Kila wazo litachorwa juu yake, kwa hiyo hakuna atakayebuni stendi ya simu isiyokuwepo.

Juu ya msingi huo kila mwanafunzi achore maumbo sita ya haraka ya ubavu, kila moja kwenye leya yake. Achague mawili, ayanakili, abadilishe kitu kimoja kimoja: pembe, urefu wa kitako, namna ya kuungana, nafasi ya waya. Asifute toleo la zamani. Alifiche tu, na alipe jina linaloeleza badiliko, kama "B2 kitako 80". Orodha ya leya ndiyo itakayokuonyesha jinsi wazo lilivyokua. Ukikuta leya moja tu, hakuna kilichokuzwa.

Mambo mawili huwaangusha wengi. La kwanza ni kitako kifupi, yaani sehemu ya stendi inayolala mezani. Simu ya mm 160 ina uzito wake karibu na katikati, mm 80 kutoka chini. Ikiegemea kwa nyuzi 60, uzito huo unaangukia mm 40 nyuma ya ukingo wa chini wa simu. Kitako kinachoishia mm 35 kitapinduka. Kikifika mm 45 kitasimama, lakini kidole kikigusa juu ya kioo simu inakwenda chali. Kifike mm 80, chini kabisa ya ncha ya juu ya simu, ndipo itulie. La pili ni chaja: kichwa cha waya kinahitaji kama mm 30 chini ya simu, na kizuizi cha mbele kiachiwe pengo la mm 20. Wengi hukumbuka pengo na kusahau kimo.

Toleo litakalofaulu mambo hayo mawili likatwe kwa kadibodi, lijaribiwe, kisha lipigwe picha kwa ubavu, rula ikiwa imesimama pembeni. Simama hatua mbili nyuma na uvute kwa zumu, kwani picha ya karibu inapinda kingo. Iingize kwenye Inkscape, ipunguze uwazi hadi asilimia 30, ivute hadi mm 100 za rula zilingane na mstari wa mm 100, na urekebishe mchoro juu yake.

Tahadhari moja: mshale wa kuchagulia vitu huhesabu pia unene wa mstari. Mstatili wa mm 80 wenye mstari wa mm 1 utasomeka 81. Soma vipimo ukiwa umeshika zana ya mstatili yenyewe.

*Tulichapa patani (mchoro wa kukatia), tukaibandika kwenye plaiwudi ya mm 6, tukakata kwa msumeno mwembamba. Mifereji ya kuunganishia ilikataa kuingiana, tulipoipanua ikalegea. Tumekosea wapi?*
Wanafunzi wa ufundi, Tanga

Anzeni na uchapaji. Printa nyingi hupunguza ukurasa ili uenee. Kila patani iwe na mraba wa mm 100 pembeni. Ukipimwa kwenye karatasi ukatoka 97, kila kitu kimepungua kwa asilimia 3. Chapeni kwa asilimia 100, bila kuruhusu ukurasa ujazwe.

Kisha pimeni unene wa plaiwudi kwa vernia, kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita, mahali patatu. Inayouzwa kama mm 6 mara nyingi haifiki 6, na mfereji hufuata unene halisi. Kateni kipande cha majaribio chenye mifereji ya 5.4, 5.6, 5.8 na 6.0, mchague unaoingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Kina cha mfereji kiwe nusu ya upana wa kila kipande, pamoja na nusu milimita.

Kulegea kumetokana na msumeno. Meno yanayokula mm 1 yakipita katikati ya mstari pande zote mbili, mfereji unapanuka kwa mm 1 nzima. Msumeno upite upande wa taka, mstari ubaki kwenye mbao.

Kwenye Inkscape chora mfereji mmoja, utengenezee pacha kwa Alt+D. Ukibadilisha upana wa ule wa kwanza, wote wanafuata.

*Nikituma mchoro kwa mwalimu kwa WhatsApp unafifia. Nifanyeje?*
Msomaji, Dodoma

Utume kama hati, usiutume kama picha, kwa sababu WhatsApp huzibana picha. Mchoro wa Inkscape uhifadhi kwa PDF. Wa ibisPaint kwa PNG, maana JPEG huchafua kingo za mistari myembamba. Kabla ya kutoa PDF, hifadhi nakala ya SVG (faili la Inkscape linaloweza kuhaririwa), kisha teua maandishi na ubonyeze Ctrl+Shift+C ili yageuke kuwa maumbo, fonti isije ikabadilika kwenye kompyuta ya mwalimu. Ukishayageuza huwezi tena kuyahariri kama maandishi, kwa hiyo SVG ya mwanzo usiifute.