Mama anameza asprini kila siku kuzuia kiharusi, aendelee?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, yuko Tanga, ana presha na dawa anakunywa, moyo haujawahi kumsumbua wala hajawahi kupooza. Jirani alimwambia awe anameza junia asprini kimoja kila usiku damu isiwe nzito, sasa ni mwaka wa pili huu. Magoti yakimkaza anaongezea diklofenaki. Juzi kasema choo kinatoka cheusi ila tumbo haliumi. Aendelee tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hicho choo, mengine yatasubiri. Kama hanywi vidonge vya kuongeza damu (navyo vinafanya choo kiwe cheusi), basi choo cheusi kama lami, kinachonata na kutoa harufu kali, mara nyingi ni damu inavuja tumboni, na asikwambie haumwi mkatulia, wazee wengi wanavuja bila maumivu yoyote. Mpeleke hospitali leo hii apimwe damu, beba na maboksi ya dawa zote, na hiyo asprini na diklofenaki asiguse mpaka aonwe.

Asprini inazima zile chembe sahani zinazogandisha damu, na ikishazizima haziamki tena, mwili unatengeneza nyingine taratibu, siku 7 mpaka 10. Wakati huohuo inadhoofisha ute unaolinda tumbo, halafu diklofenaki inafanya hivyohivyo, yaani mama anapigwa mara mbili.

Sasa aliyewahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha damu kuganda, au amewekewa stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo ulioziba), huyo asprini inamlinda kweli na asiache kienyeji bila daktari wake. Mama yako hayumo humo. Kuna utafiti mkubwa unaitwa ASPREE, majibu yalitoka 2018, wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, nusu wakapewa asprini nusu kidonge kisicho na dawa. Shambulio la moyo na kiharusi havikupungua kwa kiasi cha maana, ila waliovuja damu vibaya walikuwa kama 38 kwa kila 1,000 upande wa asprini, wenzao 28. Ndo maana 2022 jopo la wataalamu Marekani likasema mwenye miaka 60 na kuendelea asianzishiwe kwa ajili ya kujikinga tu.

Kinachomkinga mama na kiharusi ni presha kushuka na kubaki chini. Inasoma ngapi siku hizi? Hujaandika, na mimi hiyo ndo inanipa wasiwasi, maana diklofenaki inapandisha presha, na presha ikiwa juu mshipa ukapasuka kichwani, asprini inafanya damu isikate haraka. Magoti tumieni parasetamol kwa kipimo na mazoezi ya kukaza mapaja, anaweza kufanya akiwa amekaa kitini.

Jirani naye, kama na yeye anameza asprini, muulizeni alianzishiwa na nani, kama aliwahi kulazwa kwa ajili ya moyo basi yeye asiache.